Filamu ya Code 46: sheria ya damu na sheria ya makaratasi

Anayeitazama Code 46 kwa mara ya kwanza huishia kuuliza: hawa wawili wamekosa nini hasa? Mwanamume na mwanamke wamekutana kazini, wamependana, wamelala pamoja, na mwisho wake mmoja kafutwa kumbukumbu na mwingine katupwa jangwani. Jibu limo mwanzoni kabisa, kwenye maandishi yanayoonekana kabla hadithi haijashika kasi. Lakini ni maandishi ya kisheria, yanapita upesi, na wengi huyaacha yaende wakidhani ni pambo.

Filamu yenyewe haina haraka ya kumwelewesha mtu. Ilionyeshwa kwenye tamasha la Venice mwaka 2003, ikaingia kumbi za Uingereza na Marekani mwaka 2004, haikutamba, na tangu hapo imebaki mali ya wale wanaopenda kurudia filamu mara mbili tatu. Inastahili kurudiwa. Tatizo ni kwamba wanaoieleza huanza na kumalizia kwenye suala la damu, yaani kisa cha mwanamume aliyelala na mwanamke mwenye vinasaba vya mama yake. Mimi naona hiyo ni nusu ya filamu, tena nusu iliyo nyepesi. Nusu nzito inahusu vibali: nani anaruhusiwa kwenda wapi, na nani anayeamua.

Kwanza hadithi, kwa wasioiona na kwa walioiona wakapotea njiani.

William Geld, anayeigizwa na Tim Robbins, ni mpelelezi wa udanganyifu wa bima. Anaishi Seattle na mkewe na mtoto wao wa kiume. Anatumwa Shanghai, kwenye kampuni iitwayo Sphinx, ambako vibali vinavyoitwa papelle vimekuwa vikivuja na kuwafikia wasiostahili. Papelle ni pasi, viza na bima kwa pamoja. Bila hiyo huvuki kizuizi, hupandi ndege, na miji mikubwa huingii. William amepewa kirusi, yaani kijidudu kama cha mafua, kinachomwezesha kusoma watu: ukimwambia jambo lolote moja kukuhusu, hata liwe dogo namna gani, anaona yaliyomo moyoni mwako. Anawahoji wafanyakazi mmoja mmoja. Akifika kwa Maria Gonzales, anayeigizwa na Samantha Morton, anajua papo hapo kwamba mwizi ndiye huyu. Anamtaja mtu mwingine. Jioni anamfuata Maria, usiku wanakuwa pamoja, na kesho yake William anarudi Seattle kwa sababu kibali chake ni cha saa 24 tu.

Hapo mambo yanachacha. Mmoja wa waliopewa kibali cha magendo na Maria, mtafiti wa popo aliyekuwa akinyimwa ruhusa ya kwenda Delhi mwaka nenda mwaka rudi, anafika Delhi na kufa. William anarudishwa Shanghai kuchunguza upya, na Maria hayupo. Anamkuta kliniki. Mimba yake imetolewa, na pamoja na mimba wametoa kila kumbukumbu ya William; anamtazama kama mgeni. William anamtoa pale, anamsimulia yaliyotokea, kisha kwa siri anapeleka vinasaba kupimwa. Majibu yanamwambia kwamba mama yake mzazi alikuwa mmoja wa nakala 24 zilizotengenezwa maabara, na Maria ni nakala nyingine ya seti hiyohiyo. Anakimbilia uwanja wa ndege arudi kwa mkewe, anakataliwa kwa kuwa kibali kimekwisha muda. Maria ndiye anayemtafutia njia, na wanaondoka pamoja kwenda Jebel Ali, mahali ambapo hapahitaji kibali.

Huko wanagundua kwamba kliniki haikumfuta kumbukumbu tu. Imempandikiza Maria kirusi kingine, na sasa William akimkaribia, mwili wa Maria unashikwa na hofu na kumsukuma. Wanalala pamoja hata hivyo, kwa matakwa ya Maria na dhidi ya mwili wake, katika tukio ambalo ni gumu kulitazama na ambalo waliotengeneza filamu hawakujaribu kulilainisha. Baadaye mwili huohuo unainuka kitandani na kwenda kujiripoti kwa mamlaka bila mwenyewe kukusudia. Wanakodi gari kuukuu, wanakimbia jangwani, wanapata ajali. William anafutwa kumbukumbu na kurudishwa nyumbani. Maria anatupwa nje ya ulimwengu wa wenye vibali, na yeye kumbukumbu zake wanamwachia zote.

Sasa tuirudie sheria. Vifungu vyake ni vichache. Dunia ya filamu imejaa watoto waliotungwa maabara, viinitete, yaani mimba za siku za mwanzo kabisa, vilivyopasuliwa na kuwa zaidi ya kimoja, na watu walionakiliwa. Katika dunia kama hiyo unaweza kukaa kiti kimoja na maharimu wako kwenye treni usimjue. Basi wanaotaka kuzaa sharti wapimwe. Wakikutwa na vinasaba vya pamoja kwa asilimia 100, 50 au 25, hawaruhusiwi. Mimba ikiingia bila kupangwa, kijusi kinapimwa, na uhusiano ukionekana inatolewa mara moja. Wazazi ambao hawakujua hawahesabiwi wahalifu, ila madaktari wanapewa idhini ya kuingilia kati ili jambo lisijirudie. Waliojua wametenda jinai. Seli ya kawaida ya binadamu ina kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, 46, na namba ya sheria inaelekeza hapo.

Asilimia hizo huwachanganya watu, kwa sababu wengi wamesikia kwamba binadamu wote tunafanana vinasaba kwa takriban asilimia 99.9. Hizi ni hesabu mbili tofauti. Ile ya 99.9 inalinganisha maandishi yote ya vinasaba, herufi kwa herufi. Ya sheria inahesabu sehemu ambayo watu wawili wameirithi kutoka chanzo kimoja cha karibu. Pacha wa kufanana ni 100. Mzazi na mtoto ni 50, na ndugu wa baba mmoja mama mmoja ni 50 kwa wastani. Bibi na mjukuu, mjomba na mpwa, ndugu wa mzazi mmoja: 25. Mabinamu wa kwanza ni 12.5, na hao sheria ya filamu inawaacha waendelee na maisha yao.

Kwa nini ukaribu uwe hatari? Kila mmoja wetu amebeba jeni kadhaa zenye hitilafu zisizomdhuru, kwa kuwa kila jeni inakuja kwa jozi, moja ya baba na moja ya mama, na ile nzima inafanya kazi ya ile mbovu. Watu wasio na undugu kwa kawaida hubeba hitilafu tofauti. Wenye undugu hubeba zilezile. Mtoto wa watu wenye undugu wa asilimia 50 anatarajiwa, katika robo ya vinasaba vyake, kupokea kipande kilekile kutoka pande zote mbili. Hitilafu ikiwa imo ndani ya robo hiyo, hakuna jeni nzima ya kuiokoa.

Swali jingine linalowakwaza watazamaji: nakala ya mama inawezaje kuwa na umri mdogo kuliko mwana? Jibu liko kwenye friji. Kiinitete kikigawanywa katika siku zake za mwanzo, kila kipande kinaweza kukua kuwa mtu kamili. Ndivyo mapacha wa kufanana wanavyotokea kwa maumbile. Kipande kimoja ukikipandikiza leo na kingine ukakigandisha, utapata mapacha waliopishana kizazi. Si ndoto ya wasanii. Mwaka 2022 huko Oregon, Marekani, walizaliwa watoto wawili kutoka viinitete vilivyogandishwa mwaka 1992. Hao hawakuwa nakala za mtu, lakini saa ya kuzaliwa ilikuwa imesimamishwa kwa miaka 30, na hicho ndicho kiungo pekee ambacho hadithi ya William na Maria inakihitaji.

Aliyeandika vifungu vile alikuwa akisoma magazeti ya wakati wake. Mtoto wa kwanza aliyetungwa nje ya mwili alizaliwa Oldham, Uingereza, Julai 1978. Mwaka 1993 watafiti wa Washington walitangaza kwamba wamegawanya viinitete vya binadamu, ingawa walichagua vile visivyoweza kuishi. Kondoo Dolly alizaliwa karibu na Edinburgh mwaka 1996. Uingereza ilipitisha sheria ya kukataza unakili wa binadamu kwa ajili ya uzazi mwaka 2001, na mwezi Aprili 2003, miezi michache kabla ya filamu kuonyeshwa Venice, mradi wa kusoma vinasaba vyote vya binadamu ulitangazwa kukamilika.

Na hofu ya ndugu wasiojuana imekuja kweli, bila kuhitaji unakili wowote. Mwaka 2023 mahakama ya The Hague, Uholanzi, ilimzuia mwanamume mmoja kuendelea kutoa mbegu zake baada ya kubainika kwamba ni baba wa watoto zaidi ya 500 katika nchi mbalimbali. Sababu mojawapo ilikuwa hii: watoto hao watakua, watakutana, watapendana. Uingereza mbegu za mtu mmoja haziruhusiwi kupita familia 10. Iceland, ambako watu ni wachache na kumbukumbu za nasaba zinarudi nyuma karne nyingi, ilitengenezwa programu ya simu mwaka 2013 ambayo watu wawili wanaweza kugusisha simu zao wajue wanaungana kwa nani. Wenyewe waliichukua kama utani kidogo. Utani huo ndani ya Code 46 ungekuwa sharti la serikali.

Kwa hiyo sheria ile haina wazimu. Bunge lolote likikalishwa leo, likaelezwa kwamba nchi ina maelfu ya watu walionakiliwa bila kujua, lingetunga kitu kinachofanana nayo. Wapo wanaoiona filamu kama onyo dhidi ya sayansi, na nadhani wanakosea. Sayansi imeshatokea, haibishaniwi, hakuna hata mtu mmoja ndani ya hadithi anayesimama kuilaani. Uzito uko kwenye yale maneno ya upole, kuingilia kati. Ndiyo yanayoruhusu mtu kulazwa, kutolewa mimba, kufutwa kipande cha maisha na kupandikizwa hofu ndani ya mwili wake, halafu aruhusiwe kwenda nyumbani bila kesi, kwa kuwa hakutenda jinai.

Hapo ndipo papelle zinapoingia.

Angalia alivyokufa yule mtafiti wa popo. Kila mwaka Sphinx ilikuwa ikimkatalia Delhi, haikumpa sababu, naye aliona ni ukatili wa watu wa mezani. Maria aliona hivyo pia, akampa kibali. Kumbe kampuni ilikuwa na sababu: mwili wake haukuwa na kinga dhidi ya maradhi aliyoyakuta huko. Sphinx ilijua jambo kuhusu damu yake ambalo yeye hakulijua, na ikamlinda kwa kumfungia. Hadithi nyingi za aina hii hutupatia serikali inayodanganya, kisha shujaa anafichua uongo na sote tunapumua. Code 46 imekataa njia hiyo rahisi. Kampuni inayowabana watu inasema kweli. Makadirio yake ni sahihi. Na bado mtu mzima hakuambiwa kilicho ndani ya mwili wake mwenyewe ili aamue kama safari ya maisha yake inastahili hatari. Kati ya kumwambia na kumzuia, waliona kumzuia ndiyo rahisi.

Dunia ya filamu imegawanyika mara mbili kwa msingi huo. Ndani ni miji: taa, hoteli, klabu, barabara za juu. Nje ni jangwa, na wanaoishi huko ni wale wasio na bima, waliokataliwa, waliofukuzwa. Filamu haisemi walianzaje kuwa huko. Wanaonekana wamejazana kwenye vizuizi wakiuza vitu vidogovidogo na kuomba papelle kwa wanaopita. Watu wa ndani huongea Kiingereza kilichochanganywa na Kihispania, Kifaransa, Kiarabu na Kichina, bila yeyote kukitolea maelezo, na kwa mtu aliyezoea miji ya lugha nyingi sehemu hii haitamshangaza hata chembe.

Baada ya mwaka 2020 sehemu ya papelle haihitaji tena maelezo marefu. Umoja wa Ulaya ulianza kutumia cheti chake cha kidijitali cha korona Julai 2021. Mpakani ukaonyesha hali ya mwili wako kabla ya kuonyesha sura yako. Sisemi kilikuwa kitu kibaya, na kadi ya homa ya manjano ilikuwepo miaka mingi kabla yake. Ninachosema ni kwamba filamu ya 2003 ilishaona mahali ambapo daktari, kampuni ya bima na afisa wa mpaka wanakaa dawati moja.

Waliona kwa sababu walikuwa wametoka mpakani. Mwongozaji, Michael Winterbottom, mzaliwa wa Blackburn kaskazini mwa Uingereza, na mtayarishaji Andrew Eaton walianzisha kampuni yao, Revolution Films, mwaka 1994, na wakajulikana kwa kutengeneza filamu haraka na kwa timu ndogo. Filamu yao iliyotangulia hii, In This World, iliwafuata vijana wawili wakimbizi wa Kiafghani kutoka kambi ya Shamshatoo karibu na Peshawar, Pakistan, hadi London, kupitia Iran, Uturuki na Italia. Walioigiza hawakuwa waigizaji. Walikuwa wakimbizi kweli. Filamu hiyo ilitwaa Dubu wa Dhahabu, tuzo kuu ya tamasha la Berlin, mwaka 2003. Kuitengeneza kulihitaji kuwapatia vijana wale karatasi za kuvuka kila mpaka, na timu ikaona kwa macho yake jinsi safari hiyohiyo inavyokuwa rahisi kwa Mwingereza mwenye kamera na isiyowezekana kwa Mwafghani anayepigwa picha. Baada ya kupiga picha, mmoja wa vijana alirudi London kuomba hifadhi. Ombi likakataliwa, akaruhusiwa kubaki hadi atimize miaka 18.

Ukilijua hilo, papelle zinaacha kuwa kifaa cha filamu za kubuni. Waliotengeneza wenyewe wamesema kwamba wazo lilitoka kwenye usumbufu ule wa viza. Code 46 ni kama filamu ileile imepinduliwa: safari hii aliye safarini ni mtu wa ndani, mzungu, mrefu, mwenye suti na kazi nzuri, na tunamtazama anavyogeuka mtu asiye na karatasi kwa sababu tu ya saa 24 kupita. Sura anayoitoa Robbins pale uwanja wa ndege anapoambiwa hawezi kusafiri ni sura ya mtu ambaye hajawahi kukataliwa kitu na ofisi yoyote. Kwangu hiyo ndiyo dakika yake bora katika filamu nzima.

Mwandishi wa skripti ni Frank Cottrell Boyce, wa Merseyside, aliyekwisha kufanya kazi na Winterbottom mara kadhaa, ikiwemo filamu ya mwaka 1997 kuhusu vita vya Sarajevo. Baadaye watu walimjua kwa mambo ya furaha zaidi: vitabu vya watoto, na maandishi ya sherehe ya ufunguzi wa Olimpiki ya London mwaka 2012. Ni Mkatoliki anayeijua vizuri misingi ya hadithi za kale, na katika Code 46 hakuficha alikochota. Nitafika huko.

Timu ndogo ililazimisha uamuzi uliogeuka kuwa ndio uzuri wa filamu: hawakujenga mji wa baadaye, walikwenda kuutafuta. Wapiga picha Alwin Küchler na Marcel Zyskind walipiga Shanghai, Dubai na Rajasthan, wakitumia sana mwanga uliopo, kisha wahariri wakaziunganisha sehemu hizo kana kwamba ni jirani. Unatoka kwenye maghorofa ya Shanghai, gari linakata kona, na uko kwenye mchanga wa Uarabuni. Ramani ya dunia imekunjwa. Matokeo yake ni kwamba filamu nyingi za kipindi hicho zilizotumia fedha nyingi kwenye kompyuta zimechakaa machoni, na hii haijachakaa, kwa sababu kilichomo kilikuwepo kweli.

Kuna chaguo moja la mahali ambalo sidhani lilikuwa la bahati. Mahali wanapokimbilia wapenzi, pasipohitaji kibali, panaitwa Jebel Ali. Jebel Ali ipo. Ni bandari kubwa ya Dubai, na tangu mwaka 1985 ina eneo huru la biashara ambako bidhaa na mitaji hupita bila vikwazo vingi. Dubai yenyewe ni mji ambao idadi kubwa kabisa ya wakazi wake ni wageni, na kwa miongo mingi haki ya mfanyakazi mgeni kubaki nchini imefungwa kwenye mkataba wa mwajiri wake: kazi ikikatika, ukaazi nao umo mashakani. Kwa hiyo kimbilio la wapenzi limewekwa mahali ambapo kontena liko huru kuliko aliyelipakia. Wanapofika huko wakidhani wametoka mkononi mwa sheria, sheria wamekuja nayo ndani ya mwili wa Maria.

Hadithi ya kale aliyoichota Cottrell Boyce ni ya Oedipus, mfalme wa Thebes katika tamthilia ya Sophocles, mwandishi wa Ugiriki ya kale. Watu wengi wanaikumbuka kwa kosa la kumwoa mama bila kujua, na wanaona ulinganisho umeishia hapo. Lakini Oedipus ni kwanza hadithi ya upelelezi: mtu anayeapa kumsaka mhalifu na kukuta mhalifu ni yeye. William ni mpelelezi, na yeye pia faili analolifungua linamrudia. Halafu kuna Sphinx. Katika kisa cha Kigiriki, Sphinx ni jitu lililokaa njiani kuelekea Thebes likimtegea kitendawili kila apitaye. Ukikosa jibu, unakufa. Ukipata, njia inafunguka. Kwa maneno mengine ni afisa wa mpaka. Filamu imelitoa barabarani na kulipa ofisi ya ghorofani, wafanyakazi na kaulimbiu inayowahakikishia watu kwamba Sphinx ndiyo ijuayo zaidi.

Adhabu nazo zimegawanywa. Oedipus alipojua ukweli alijitoboa macho, kisha akaondoka mjini kwenda uhamishoni: upofu na uhamisho vilimpata mtu mmoja. Katika Code 46 vimekatwa vipande viwili. William amepewa upofu; haoni tena alichofanya, anarudi kitandani kwa mkewe akiwa mwepesi. Maria amepewa uhamisho, na macho yake kaachiwa. Kumbuka ni nani aliyekuwa na majibu ya vinasaba mkononi kabla ya kwenda Jebel Ali. Kwa mujibu wa kifungu cha mwisho cha sheria, aliyejua ndiye mhalifu, na William alijua. Lakini William ana kazi, ana nyumba ndani ya mji, na ana kisingizio kizuri mbele ya wanaomhukumu, kile kirusi alichopewa kwa ajili ya kazi. Maria ni mfanyakazi wa ngazi ya chini aliyegawa vibali kwa waliokataliwa. Damu yao ni nusu kwa nusu. Hukumu haikuwa nusu kwa nusu.

Na mapenzi yenyewe? Hapa filamu imetega mtego ambao sijaona ukiteguliwa vizuri. William anamwelewa Maria tangu dakika ya kwanza, lakini ana kirusi kinachomfanya amwelewe yeyote. Anavutwa naye kwa nguvu asiyoweza kuieleza, lakini Maria anafanana vinasaba na mama yake William. Maria kila siku yake ya kuzaliwa anaota yuko kwenye treni, na kila mwaka vituo vinapungua kimoja kuelekea mtu anayemsubiri. Akikutana na William anahisi kituo kimefika. Kwa hiyo kila upande wa mapenzi haya una maelezo mengine: dawa, damu, ndoto. Baadaye chuki ya mwili wa Maria nayo ni ya kupandikizwa. Ukisema mapenzi yao si ya kweli kwa kuwa yamesababishwa, itabidi useme hivyohivyo kuhusu hofu yake, na kuhusu amani ya ndoa ya William baada ya kufutwa. Katika dunia ile hakuna hisia iliyobaki isiyo na mtengenezaji. Kitu pekee ambacho hakikutoka maabara ni uamuzi wa Maria kule hotelini, wa kwenda kinyume na mwili wake, na huo ndio uliomponza.

Kufuta kumbukumbu kwa kuchagua bado hakuwezekani kama inavyoonyeshwa. Mwaka 2000 watafiti wa New York walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa huwa laini kwa muda kabla ya kuganda tena, na dawa ikiingia katika muda huo inaweza kuivuruga. Ni mbali sana na kumwondoa mpenzi kichwani na kuacha mengine yote mahali pake.

Udhaifu wa filamu upo. Robbins na Morton hawawaki pamoja kama hadithi inavyodai; kuna nyakati Robbins anaonekana mjomba anayemsindikiza mpwa wake, na kama ilikusudiwa hivyo, basi imefanikiwa kupita kiasi. Mick Jones wa bendi ya The Clash anatokea akiimba karaoke wimbo wa bendi yake mwenyewe, mzaha unaomtoa mtazamaji nje ya hadithi bila faida.

Lakini kasoro inayonisumbua zaidi ni watu wa nje. Miezi michache tu kabla, mwongozaji huyuhuyu alikuwa amewapa wakimbizi wawili filamu nzima, majina yao, utani wao, uchovu wao. Katika Code 46 watu wasio na vibali wako pembeni ya kioo cha gari, karibu hawana la kusema. Maria anapotupwa kwao, tunamsikia yeye akimkumbuka William. Hatuwasikii wao wakimpokea, wala kuuliza amekuja kufanya nini, wala kumwonyesha maji yako wapi. Filamu iliyojengwa juu ya swali la nani anaruhusiwa kuvuka imefika upande wa pili na kuzima kamera.